Mji kasoro bahari, na sasa kasoro bendi

Morogoro ina vyuo vikuu vingi kuliko kumbi zenye bendi. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo chini ya milima ya Uluguru, na tawi lake la Mazimbu liko upande wa pili wa mji. Chuo Kikuu cha Waislamu kipo Msamvu, Jordan kipo Kola, na Mzumbe ukishika barabara ya Iringa. Kila mwaka wa masomo ukianza mji unajaa vijana wanaojua kuimba, kupiga kinanda na kuchana mistari. Lakini toka Ijumaa usiku utafute muziki wa vyombo: utamkuta DJ, au msanii kaja kutoka Dar na flashi mfukoni, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe.

Wengi wanasema vipaji vimeisha, au vijana wa sasa hawana ladha. Sikubali. Mji uliotoa Afande Sele, Belle 9 na Stamina haujaishiwa vipaji. Tatizo ni kwamba bendi za hapa zinaundwa na wanafunzi peke yao, kwa vyombo vya mwanafunzi mmoja, na mazoezi yanafanyika mahali ambapo ufunguo wake anao mwanafunzi. Mwanafunzi ana tarehe ya kuondoka, na akiondoka bendi nayo inaondoka.

Zamani haikuwa hivyo. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Mbaraka Mwinshehe aliikuta tayari ina miaka 20 alipojiunga katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 alipiga gitaa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 alitoka, akaunda Super Volcano. Upande mwingine wa mji walikuwepo Cuban Marimba wa Salum Abdallah. Salum alipofariki mwaka 1965, bendi haikufa naye, Juma Kilaza akashika usukani. Bendi nyingi za dansi za enzi zile zilikuwa mali ya chama au ya tajiri. Magitaa, vipaza sauti na ngoma vilikuwa na mwenyewe aliyekaa mjini. Mwanamuziki aliajiriwa, akakorofishana, akahama, akaacha gitaa ukutani kwa anayefuata. Unyonyaji ulikuwepo, hilo halina ubishi, ila vyombo vilibaki.

Kwa hiyo anayetaka bendi idumu katika mji wa vyuo aanze kwa kupanga nani awe nani. Bezi, drums na gitaa la rhythm wawe wakazi: fundi simu wa Sabasaba, mwalimu wa sekondari Kihonda, mpiga drums wa kanisani anayeishi Mji Mpya. Waimbaji, kinanda, gitaa la solo na tarumbeta wanaweza kuwa wanafunzi, maana hao ni rahisi kuwabadilisha bila wimbo kubomoka. Ukilazimika kumpa mwanafunzi drums, uliza anasoma nini. Shahada nyingi ni miaka 3, uhandisi ni 4, na udaktari wa mifugo pale SUA ni 5. Mpiga drums wa mifugo aliye mwaka wa kwanza ni mali. Na kila chombo kiwe na mtu wa pili anayejua angalau nyimbo 10. Makabidhiano yafanyike Mei, kabla ya presha ya mitihani ya mwisho, si Julai wakati mtu tayari ana tiketi ya kwenda kwao.

Wapigaji wenyewe wako kanisani. Ukitaka kujua hali halisi ya muziki wa Morogoro, usiende baa, pita kwenye ibada ya wanafunzi Jumapili asubuhi. Utakuta kijana anapiga bezi bila kuangalia mkono na binti anapanga sauti nne za kwaya kwa kusikia tu. Hapo ndipo pesa za vyombo zimeingia kwa miaka mingi, na ndipo watu wanapofanya mazoezi mara mbili kwa wiki bila kulipwa. Mapromota wengi huwafuata vibaya: wanawaita wapige Jumamosi hadi saa nane usiku, halafu wanashangaa kijana kukataa. Ana ibada saa moja asubuhi. Wasabato ndio kabisa, kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua kuzama huwapati. Wapo pia wasiotaka kupiga muziki wa dunia popote panapouzwa bia, na hao waheshimu, usiwashawishi. Waliobaki wanatosha kuunda bendi tatu.

Kwa sababu hiyo siku nzuri ya kupiga ni Alhamisi, kuanzia saa 12:30 jioni. Haigombani na ibada yoyote kubwa, haishindani na DJ wa Ijumaa, na mwenye baa hapotezi kitu maana Alhamisi yake ni kavu. Piga awamu tatu za dakika 45, mapumziko mawili ya dakika 15, na saa 3:15 umemaliza. Nyimbo za dansi zikiwa na wastani wa dakika sita pamoja na chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka ambapo vyombo vinachangamka, unahitaji nyimbo 22 au 23. Bendi yenye nyimbo 12 isitangaze onyesho la usiku mzima. Itaanza kurudia saa mbili, na mwanafunzi aliyelipa atakuwa wa kwanza kuligundua.

Kumaliza mapema kuna faida nyingine. Baada ya saa nne usiku kanuni za kelele zinakaza, na baa zilizo katikati ya makazi zimeshapata misukosuko ya kutosha na NEMC, baraza la mazingira. Pia kuna usafiri. Mzumbe iko kilomita zaidi ya 20 kutoka mjini. Mwanafunzi wa kule akikosa daladala analipa bodaboda pesa nyingi kuliko kiingilio. Ukiwataka hao, wafuate Changarawe, nje ya geti lao, au kodi Coaster ya kuwarudisha na uiandike kwenye tangazo kwa herufi kubwa.

Kalenda ndiyo inayoua maonyesho mengi, na inaua hata yale yaliyopangwa vizuri. Mwanafunzi anaishi kwa boom, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na pesa hutoka kwa mkupuo wa kama miezi miwili. Mwenye posho kamili anapata laki sita hivi kwa siku 60. Siku 14 za mwanzo, kiingilio cha 5,000 hakimuumi. Wiki ya saba, hata 2,000 ni sahani ya wali. Panga maonyesho mawili ndani ya wiki tatu baada ya boom, kisha nyamaza, fanya mazoezi. Usitangaze tarehe kabla boom halijaingia. Limechelewa mara nyingi, na onyesho lililotangazwa kwa boom la kesho limefilisi wengi.

Wiki mbili kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, na wiki mbili za UE zenyewe, sahau. Kuanzia Agosti mpaka vyuo vifunguliwe wengi wako field au nyumbani, mji unarudi kwa wenyewe. Hapo bendi ya wanafunzi watupu hufa; bendi yenye wakazi hugeukia harusi, Nanenane na sherehe za maofisini, na mara nyingi huo ndio msimu wenye pesa zaidi. Kumbuka pia Ramadhani na Kwaresma. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mwaka 2026 ilianza wiki moja na Kwaresma, katikati ya Februari. Masika nayo ni Machi hadi Mei: usipange bustani isiyo na paa, na chini ya bati usitegemee gitaa lisilo la umeme: mvua ya Uluguru ikipiga bati, hata maiki haisaidii.

Vibali havihitaji maelezo marefu. Msanii na bendi wasajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kibali cha onyesho kipitie kwa afisa utamaduni wa manispaa, barua iende polisi na serikali ya mtaa. Ndani ya chuo anza na ofisi ya mshauri wa wanafunzi ukiwa pamoja na serikali ya wanafunzi, maana bila hao ukumbi hupati. Anza wiki tatu kabla. Na kama mnapiga nyimbo za zamani, jueni zina wenyewe: sheria ya hakimiliki inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Mbaraka alifariki Januari 1979, hivyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029.

Sasa sauti, ambako ndiko aibu nyingi zinakotokea. Kumbi za hapa zinafanana: sakafu ya saruji au vigae, kuta tupu, paa la bati, na uwezo wa watu 100 hadi 200. Kwa ukumbi huo huhitaji ghorofa la spika. Spika mbili za inchi 12 au 15 juu ya stendi, sabufa moja au mbili za inchi 18, mikisa ya njia 12 hadi 16, monita tatu chini, yaani spika za wanamuziki kujisikia. Drums zipigwe bila maiki isipokuwa kick, ile ngoma kubwa ya mguu. Gitaa na bezi zitoke kwenye amplifaya zao jukwaani. Kinanda na waimbaji ndio waende kwenye mikisa. Fundi mitambo anayeweka maiki kwenye kila ngoma katika ukumbi wa bati anajitafutia kesi. Snare, ngoma ya mkali katikati ya drums, peke yake inajaza ukumbi ule, na ukiiongeza, mwimbaji atapiga kelele hadi sauti ikauke kabla ya awamu ya pili.

Mluzi, yaani ule mlio unaotoboa masikio, una sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni spika kuu kuwekwa nyuma ya waimbaji ili "bendi isikie". Spika ziwe mbele ya maiki zote, angalau mita moja na nusu, zikitazama watu. Ya pili ni namna mtu anavyoshika maiki. Maiki za kawaida za kuimbia hupokea sauti ya mbele na kukataa ya nyuma, ndiyo maana monita inakaa sawasawa nyuma ya maiki, ikimtazama mwimbaji. Rapa anapofumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, uwezo huo unakufa, maiki inapokea kila upande, monita inaanza kulia. Ukipunguza sauti analalamika hasikiki. Mweleze wakati wa majaribio, si katikati ya wimbo: kiganja kikae kwenye mpini.

Na maiki zenyewe: sokoni zimejaa SM58 bandia. Ya kweli ina uzito wa karibu gramu 298. Bandia nyingi ni nyepesi, zina sauti ya kwenye ndoo na hupiga mluzi mapema. Beba mzani mdogo wa jikoni, muuzaji atacheka lakini utajua unanunua nini.

Kabla ya sauti kuna umeme. Baa ina friji tatu au nne, na kompresa ya friji ikiwaka umeme unashuka kidogo, taa zinapepesa, kinanda kinajizima na kupoteza mpangilio wa sauti uliouhangaikia mchana kutwa. Tafuta soketi isiyo kwenye njia moja na friji, vuta waya mmoja mnene wa milimita za mraba 2.5 hadi jukwaani, na vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme hapo hapo. Gitaa likichomekwa ukuta huu na mikisa ukuta ule, utapata mvumo wa chini usioisha, na watu wataulaumu waya wa gitaa bure. Mvumo ukibaki, tumia kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya chombo na mikisa, kwa kinanda na bonyeza kitufe cha kukata ethi ya waya wa sauti. Usikate ethi ya plagi ya umeme. Kuna mafundi hufanya hivyo kuondoa mvumo, na mwimbaji anayegusa maiki kwa mdomo huku ameshika gitaa ndiye anayelipa.

Ekstensheni usiiache imezungushwa kama kamba ya mbuzi. Ikibeba mzigo mkubwa inapata moto na kuyeyuka. Jenereta ya kVA 5 inatosha kwa mitambo hiyo na taa chache, lakini iwake, ipashe moto dakika tano, ndipo uwashe vyombo, amplifaya ziwe za mwisho kuwashwa. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza. Kinanda kikae kwenye UPS hata kama ni ndogo ya kompyuta, dakika tano za betri zinatosha kuvuka kutoka TANESCO hadi jenereta. Chungulia tangi wakati wa mapumziko ya kwanza. Jenereta kuzimika kwa kukosa mafuta katikati ya chemko ni uzembe wa mtu, si ajali.

Majaribio ya sauti yaanze saa tisa alasiri, si saa kumi na mbili watu wakiwa mlangoni. Kick na bezi kwanza, magitaa, kinanda, waimbaji mwisho, kisha wimbo mmoja wenye kila chombo. Ukumbi mtupu unanguruma. Watu 120 wakiingia miili yao itanyonya sauti kali na mambo yatakaa sawa, kwa hiyo usikate sauti za juu kupita kiasi ukumbi ukiwa wazi.

Kuna kazi moja ambayo Morogoro ingeweza kuifanya vizuri kuliko Dar, nayo ni kuwapigia bendi wasanii wake wa Bongo Fleva. Hosteli zimejaa vijana wenye laptop, kadi ya sauti, maiki moja na godoro ukutani. Wana nyimbo. Wanachokosa ni namna ya kuzipeleka jukwaani. Ugumu wa kwanza ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaimbwa: wimbo ulirekodiwa vipande vipande na sauti ikanyooshwa kwa programu, hivyo kiitikio kiko juu kuliko pumzi ya mwenyewe. Shusha nusu-sauti mbili au tatu, na jaribu kiitikio mara nne mfululizo bila kupumzika. Asipoweza, shusha tena. Ugumu wa pili ni urefu. Wimbo wa dakika tatu jukwaani unaisha watu ndio kwanza wanainuka. Hapo ndipo dansi lina dawa yake: baada ya ubeti wa pili fungua chemko, rhythm ishike mzunguko wa kodi (chords) nne zile zile, solo ajibu mwimbaji, na mpiga drums ahamie kwenye hi-hat, yale matoazi mawili ya mguu. Dakika mbili hadi tatu zinatosha. Ugumu wa tatu ni kasi. Msanii aliyezoea biti ya kompyuta huyumba drums zikianza kukimbia, na drums za kibinadamu hukimbia kila zinapoingia chemko. Mazoezi ya wiki mbili za kwanza mpiga drums avae metronomu, kifaa cha kuhesabia kasi, sikioni. Na muombe prodyuza ile biti bila sauti pamoja na namba ya kasi yake. Wengi wanatoa bila shida ukiomba kabla ya wimbo kutoka.

Treni ya SGR imeleta jambo lake. Tangu Juni 2024 Dar ni chini ya saa mbili, na nauli ya kawaida ni shilingi 13,000. Mwanafunzi mwenye boom jipya anaweza kwenda kustarehe Dar wikendi na kurudi Jumapili, na wanakwenda. Lakini mpiga saksafoni wa Dar naye anaweza kuja Alhamisi mchana na kuondoka Ijumaa asubuhi bila kulala njiani. Abebe chombo chake cha mkononi tu; spika na drums tafuta hapa hapa.

Tuje kwenye mlango. Makubaliano ya kawaida na mwenye baa ni kwamba yeye anachukua vinywaji, bendi inachukua kiingilio. Ni haki, ila mweleze mapema kwamba wanafunzi hawanywi kama wafanyakazi. Wengi watashika soda moja kwa saa tatu. Mlangoni akae mtu wenu, mwenye tiketi zenye namba na muhuri wa mkononi. Wageni wa bosi wawekewe idadi, tuseme kumi, majina yaandikwe. Na lipa namba iliyobandikwa mlangoni iwe ya bendi. Ikiwa ya baa, pesa ya kiingilio na ya chipsi zitachanganyika, na saa nne usiku hakuna atakayekuwa na nguvu ya kuzitenganisha.

Chukulia watu 130 kwa 5,000: ni 650,000. Toa 200,000 za kukodi mitambo, 30,000 za mafuta, 60,000 za matangazo na vibali. Inabaki 360,000. Bendi ya watu wanane igawe mafungu kumi ya 36,000: nane ya wapigaji, moja la fundi mitambo, la kumi la vyombo. Hilo la kumi liingie kwenye simu ya mkazi, si mwanafunzi, na orodha ya vyombo iwe na sahihi za watu watatu.

Mfuko ukianza kujaa, usikimbilie spika. Spika zinakodishwa kila kona ya mji, ni nzito, na zikiungua ni hasara ya mara moja. Nunua kwanza maiki mbili za kweli, kisha visanduku viwili vya DI, nyaya na seti za nyuzi za akiba, kisha amplifaya ya bezi, ambayo ndiyo mbovu kuliko vyote katika mitambo ya kukodi. Drums ziwe za mwisho, na zitafutwe kwa makanisa yanayobadilisha seti. Ngozi mpya na stendi iliyonyooka vinatosha kuzirudisha kazini.